Debe tupu haliachi kuvuma: Tuliza kelele ndani ya gari lako

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA waliposema kwamba debe tupu haliachi kuvuma, hawakuwa wakifikiria gari. Lakini ukilitazama kwa makini gari lililoegeshwa nje ya nyumba yako, utakubali kwamba methali hiyo inalihusu pia.

Mlango wa gari ni bati ambalo unene wake haufiki milimita moja, na ndani yake mna uwazi. Sakafu ni bati. Paa ni bati. Buti nayo, ukiondoa zulia na tairi la akiba, ni debe kubwa lililofunikwa. Debe hilo likipelekwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa juu ya lami yenye kokoto, litakosaje kuvuma?

Familia nyingi za mjini zinaujua mvumo huu. Mnaondoka Nairobi asubuhi kwenda Nakuru kuwaona wazee. Mkiwa Westlands mnazungumza vizuri. Mkifika Kinungi, mama aliye kiti cha mbele hasikii tena watoto wanasema nini kule nyuma. Baba anapandisha redio ili asikie habari. Watoto nao wanapaza sauti ili waishinde redio. Mkifika Nakuru kila mmoja ana kichwa kizito, na bado kuna safari ya kurudi.

Je, mpenzi msomaji, ni lazima iwe hivyo? La, hasha. Kelele za barabara na mitetemo zinaweza kupunguzwa, na kazi nyingine unaweza kuifanya wewe mwenyewe siku ya Jumamosi. Lakini kuna utaratibu wa kufuatwa. Kwanza tafuta kelele inatoka wapi. Pili, tibu ugonjwa kama upo. Tatu ndipo ununue vifaa vya kuzuia sauti. Anayeanza na la tatu hupoteza pesa, na wakati mwingine huhatarisha maisha ya watu wake.

SI SUALA LA STAREHE TU

Huenda ukasema kwamba gari tulivu ni mambo ya matajiri. Hebu tutazame hesabu kidogo.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu walioketi karibu huwa kama desibeli 60. Ndani ya gari dogo linalokwenda kilomita 100 kwa saa, kelele aghalabu huwa kati ya desibeli 65 na 75. Kwa hivyo hata kabla redio haijafunguliwa, mtu lazima apaze sauti ili asikike.

Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Zikiongezeka 3 tu, nguvu ya sauti huwa imeongezeka maradufu. Zikiongezeka 10, sikio la binadamu huhisi kwamba kelele imekuwa mara mbili ya ilivyokuwa. Ndiyo maana kupunguza hata desibeli chache si jambo dogo.

Kelele ya barabara peke yake kwa kawaida haifikii kiwango cha kuharibu masikio. Hatari huanza pale unapopandisha redio ili kuishinda. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae penye desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka 3, muda huo upunguzwe kwa nusu. Maana yake ni kwamba kwenye desibeli 91, saa mbili zinatosha. Hapa Kenya, kanuni za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Dereva anayefungulia muziki kwa nguvu kutoka Nairobi hadi Mombasa anaweza kuvuka viwango hivyo bila kujua, na watoto waliokaa karibu na spika za nyuma huvuka pamoja naye.

Isitoshe, kuna uchovu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, mjini Melbourne, Australia, waliwaweka watu 15 kwenye kifaa kinachoiga uendeshaji wa gari na kukitetemesha kiti chao polepole. Mitetemo ya mara 4 hadi 7 kwa sekunde iliwaletea dalili za usingizi baada ya dakika 15 tu. Hawa walikuwa watu waliopumzika vya kutosha. Basi fikiria dereva aliyeamka saa kumi za alfajiri.

Lakini tuelewane: mitetemo ya polepole namna hiyo haizuiwi na vifaa vya kubandika mlangoni. Hiyo ni kazi ya matairi, springi, shokabzoba na kiti chenyewe. Na dawa ya usingizi ni kusimama na kupumzika.

KELELE HUTOKA WAPI?

Kelele za gari zina vyanzo vikuu vitatu: injini, matairi na upepo.

Gari likiwa limesimama au likienda polepole, injini ndiyo hutawala. Likivuka kasi ya kilomita 50 hivi kwa saa, sauti ya matairi yakisuguana na barabara huipita ile ya injini. Kasi ikizidi zaidi, upepo nao huanza kupiga filimbi kwenye vioo vya pembeni na kingo za madirisha.

Unaweza kuvitambua vyanzo hivi bila kifaa chochote. Iwapo kelele inabadilika ghafla mnapotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami yenye kokoto, hayo ni matairi. Iwapo inafuata mzunguko wa injini, hata gari likiwa limesimama, hiyo ni injini au bomba la moshi. Iwapo ni mlio mwembamba unaokuja na kasi kubwa na kubadilika upepo unapovuma kutoka ubavuni, hewa inapenya mahali.

Dereva asifanye uchunguzi huu huku akiendesha. Kazi yake ni kutazama barabara. Mwache kijana aliyeketi nyuma asikilize na kuandika kwenye daftari.

Vile vile, kelele hutumia njia mbili kukufikia. Njia ya kwanza ni ya vyuma. Tairi hutikisika, mtikisiko hupanda kwenye springi, ukaingia kwenye mwili wa gari, na mabati yakaanza kutetemeka kama ngozi ya ngoma. Huu ndio mvumo mzito unaousikia kifuani. Njia ya pili ni ya hewa: sauti hupita kwenye matundu, kwenye mipira iliyochoka, kwenye vioo, na kupenya bati lenyewe.

Kumbuka njia hizo mbili, kwa sababu kila moja ina dawa yake.

USIUFUNIKE UGONJWA

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Gari likianza kuvuma, mwenyewe hukimbilia dukani kununua vifaa vya kuzuia sauti. Lakini kelele mpya ambayo haikuwepo mwezi uliopita ni ujumbe. Ukiiziba kabla ya kuusoma ujumbe huo, umeziba mdomo wa mtu anayekuonya.

Anza na matairi. Tairi lililolika upande mmoja, au lililolika mawimbi mawimbi, huvuma sana. Tairi lililozeeka hukakamaa na kupiga kelele hata kama meno yake bado ni marefu. Umri wake umeandikwa ubavuni: tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT. Tarakimu 0821, kwa mfano, zina maana ya wiki ya 8 ya mwaka 2021. Halafu pima upepo kulingana na kibandiko cha gari, ambacho kwa kawaida kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Matairi yenye meno makubwa ya kupita matopeni huvuma zaidi kwenye lami. Ikiwa wewe ni mtu wa Thika Road na maegesho ya ofisini, huyahitaji.

Pili, beringi za magurudumu. Beringi inayokufa hutoa mvumo unaoongezeka kadiri kasi inavyopanda. Ukipinda kidogo kulia na mvumo ukazidi, shuku beringi ya kushoto, kwa kuwa uzani wa gari huhamia upande huo. Mpelekee fundi mara moja. Beringi iliyokufa kabisa inaweza kusababisha gurudumu kulegea au kutoka.

Tatu, bomba la moshi. Likitoboka, gari hunguruma. Ubaya wake hauko kwenye ngurumo hiyo. Moshi wa gari una gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, na huua. Ikipenya kwenye sakafu au kwenye mpira mbovu wa buti, watoto walio nyuma watasinzia na dereva atadhani wamechoka tu. Mngurumo wa bomba la moshi haubandikwi kitu, bomba hurekebishwa.

Nne, mauntingi za injini. Hizi ni mipira iliyobeba injini ili mtikisiko wake usiingie mwilini mwa gari. Zikichoka, usukani na viti hutetemeka gari likiwa limesimama kwenye taa, hasa likiwa limewekwa gia.

Tano, mipira ya milango. Fanya jaribio hili: weka karatasi kati ya mlango na fremu, funga mlango, kisha ivute karatasi. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelala au mlango umelegea. Rudia kila baada ya hatua moja kuuzunguka mlango mzima. Mpira mmoja mzuri, ulionunuliwa kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road au mjini kwenu, unaweza kupunguza kelele ya upepo kuliko bidhaa ghali ya kubandika.

Baada ya hayo yote, gari lako sasa ni zima. Kama bado linavuma kuliko unavyopenda, huenda liliumbwa hivyo. Magari mengi yanayonunuliwa na familia zetu ni madogo na yalitumika Japani kabla ya kuletwa Mombasa. Gari dogo hutengenezwa liwe jepesi na la bei nafuu, na uzani wa vifaa vya kuzuia sauti ni mojawapo ya mambo yanayopunguzwa. Toyota Probox, kwa mfano, iliundwa iwe gari la kazi na mizigo. Hapo ndipo dawa za kubandika huwa na maana.

DAWA TATU, KILA MOJA NA KAZI YAKE

Madukani utaonyeshwa bidhaa nyingi zenye majina ya kutatanisha. Usibabaike. Zote huingia katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la kutuliza mtetemo. Haya ni mabandiko mazito ya mpira wa butili yenye karatasi ya alumini juu yake, unene wake ukiwa kama milimita 2. Bati linapotaka kupinda huku na huku, mpira ulionaswa kati ya bati na alumini huvutwa na kukamuliwa, na nguvu ya mtetemo hugeuka kuwa joto kidogo. Bati huacha kulia.

Wanafunzi wanaweza kuyathibitisha haya jikoni. Chukua mfuniko wa sufuria, ushike kwa kirungu chake, na uugonge kwa kijiko. Utasikia mlio mrefu. Sasa kata kipande cha tyubu ya baiskeli, ambayo aghalabu hutengenezwa kwa mpira huo huo wa butili, ukigundishe vizuri katikati ya mfuniko. Ugonge tena. Mlio utakuwa mfupi na mzito zaidi. Mfuniko haukuongezwa ukuta wala dari, umetulizwa tu.

Jaribio hilo lina somo jingine: hukuhitaji kuufunika mfuniko wote. Kwenye gari pia, kufunika robo hadi nusu ya bati, hasa katikati ambapo hutetemeka zaidi, hutoa sehemu kubwa ya faida. Muuzaji anayekwambia ni lazima ufunike kila kona anataka kukuuzia nyingi.

Kundi la pili ni ukuta wa sauti. Hii ni shiti nzito inayolegea, kwa kawaida ya vinaili iliyotiwa madini ili iwe na uzani. Inayotumika sana huwa na kama kilo 5 kwa kila mita mraba. Kazi yake ni kuizuia sauti ya hewani isipenye, na inavyozidi uzani ndivyo inavyozuia zaidi. Huwekwa juu ya sponji nyembamba ili isigusane moja kwa moja na bati.

Ukuta huu, tofauti na bandiko la butili, unataka kukamilika. Sauti ni kama maji: hutafuta tundu. Tundu likiwa sehemu moja tu kwa mia ya ukuta, ukuta huo hauwezi kupunguza zaidi ya takriban desibeli 20, hata ungekuwa wa zege.

Kundi la tatu ni la kunyonya sauti. Haya ni manyoya ya nyuzi, pamba nzito au sponji yenye vitundu vilivyo wazi. Sauti ikiingia humo huzunguka na kuchoka. Kundi hili hufaa nyuma ya vifuniko vya milango, chini ya zulia na juu ya dari. Lakini husaidia zaidi kwa sauti nyembamba. Mvumo mzito wa matairi huipita sponji nyembamba kama upepo unavyopita kwenye chandarua. Kwa hivyo usimwamini mtu anayekuambia kwamba sponji ya godoro au trei za mayai zitatuliza gari. Fauka ya hayo, sponji ya godoro hunywa maji, huozesha bati na hushika moto upesi.

Kuna pia wanaotumia shiti za lami zinazowekwa kwenye paa za nyumba, kwa sababu ni rahisi. Ndani ya gari lililoanikwa juani Mombasa au Garissa, joto linaweza kupita nyuzi 60. Lami hulainika, hunuka, huteleza na kuangukia waya na mitambo ya dirisha. Urahisi huo una gharama yake.

ANZIA WAPI?

Kama mfuko wako ni mdogo, usilifanyie gari zima kwa mpigo. Gonga mabati kwa kifundo cha kidole. Panapotoa mlio wa kulia, "ting", panahitaji dawa. Panapotoa sauti nzito iliyokufa, "du", tayari pametulizwa na kiwanda, paache.

Milango ya mbele ndiyo mwanzo mzuri. Iko karibu na masikio, kazi yake si ngumu, na spika za redio zitasikika vizuri zaidi kwa sauti ndogo. Pili ni sakafu ya buti pamoja na mashimo ya magurudumu ya nyuma, ambako mvumo wa matairi huingia kwa urahisi katika magari yasiyo na ukuta kati ya buti na viti. Tatu ni sakafu ya mbele. Paa liwe la mwisho, ingawa lina faida ya ziada kwa wanaochukia kelele za mvua.

Fikiria pia uzani. Bandiko la butili la milimita 2 lina takriban kilo 3 na nusu kwa mita mraba. Ukitumia mita mraba 4, umeongeza kilo 14, kama ndoo yenye lita 14 za maji. Hizo si nyingi kwa gari la kilo 1,000. Lakini ukibandika tabaka juu ya tabaka hadi ufikie kilo 70, unambeba abiria mzima kila siku, na petroli utainunua wewe.

KAZI YENYEWE

Tuchukue mlango wa mbele kama mfano. Chagua siku kavu yenye vuguvugu, kwa kuwa butili haishiki vizuri kwenye bati baridi. Ukiwa Limuru mwezi wa Julai, ngoja jua litoke.

Zima gari, ondoa waya hasi wa betri, na usubiri muda ulioelezwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kugusa waya wowote. Tafuta skrubu zilizofichwa nyuma ya mkono wa mlango na chini ya vifuniko vidogo. Piga picha kwa simu kabla ya kila hatua, na utie skrubu kwenye vikombe vyenye majina. Kifuniko hushikwa pia na klipu za plastiki. Kivute polepole, usikivunje.

Nyuma ya kifuniko utakuta karatasi ya plastiki. Usiitupe. Hiyo huzuia maji ya mvua yanayopita ndani ya mlango yasiingie kwenye gari. Ibandue taratibu ili uirudishe baadaye.

Kisha safisha upande wa ndani wa bati la nje kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, hadi kitambaa kitoke safi. Bandiko likiwekwa juu ya vumbi au grisi litaanguka kabla ya Krismasi. Vaa glavu, kwani kingo za alumini hukata kama wembe.

Kata vipande vya ukubwa wa daftari la shule. Bandika katikati ya bati, na ukandamize kwa roli ndogo ya mkono kuanzia katikati kwenda pembeni hadi hewa yote itoke. Kazi hii ya kukandamiza ndiyo nusu ya kazi yote. Bandiko lililoacha mifuko ya hewa halitulizi kitu.

Kabla ya kurudisha kifuniko, rudisha betri, pandisha na ushushe kioo hadi mwisho, jaribu kufuli na usikilize kama kuna kinachokwaruza. Ukiridhika, rudisha plastiki, kisha kifuniko. Funga mlango. Mlio wake utakuwa umebadilika, na watoto watataka kuufunga na kuufungua mara ishirini.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Usivizibe kamwe. Mlango usiopumua hujaa maji na kuoza kutoka ndani.

Usibandike wala kupitisha kitu chochote juu ya mifuko ya hewa ya usalama, wala usikate au kuchomoa waya zake, ambazo aghalabu huwa za rangi ya manjano. Katika baadhi ya magari mlango una kihisi kinachopima msukumo wa hewa ili mfuko wa ubavuni ufunguke wakati wa ajali. Kuziba matundu ya mlango wa aina hiyo kunaweza kukivuruga. Uliza fundi anayelijua gari lako.

Viti vya mbele vina waya za mifuko ya hewa na za mikanda. Kama hujawahi kuviondoa, mwachie fundi kazi ya sakafu. Kabla hajafunika chochote, hakikisha zulia la chini ni kavu na bati halina kutu. Unyevu ukifunikwa hufanya kazi usiku na mchana.

Usiongeze unene karibu na kanyagio za breki na petroli. Zulia lililoinuka likanasa kanyagio ni hatari kuliko kelele yoyote.

Mwisho, usitumie bidhaa za ndani ya gari kwenye chumba cha injini wala karibu na bomba la moshi, isipokuwa zimeandikwa kwamba zinastahimili joto hilo.

UTULIVU NAO UNA KIASI

Usitarajie kimya cha msikitini au kanisani siku ya Jumatatu. Kabla ya kuanza kazi, chagua kipande cha barabara, endesha kwa kasi ile ile inayoruhusiwa, vioo vikiwa vimefungwa na redio imezimwa, na abiria apime kelele kwa programu ya desibeli kwenye simu. Simu huenda isiwe sahihi sana, lakini tofauti kati ya kipimo cha kabla na cha baada itakuonyesha ukweli. Ukipata kushuka kwa desibeli 3 hadi 5, umefanya kazi nzuri.

Hata matajiri wamejifunza kwamba kimya kikizidi hakifai. Kampuni ya Rolls-Royce ilipozindua gari lake la Ghost mwaka 2020, ilieleza kwamba lilikuwa limewekwa zaidi ya kilo 100 za vifaa vya kuzuia sauti, lakini wahandisi waligundua kuwa kimya chenyewe kilimpa mtu kizunguzungu. Ikabidi warudishe sauti ndogo kama mnong'ono.

Kwa dereva wa kawaida sababu ni nyingine. Unahitaji kusikia king'ora cha ambulensi, honi ya bodaboda iliyo ubavuni, na beringi itakayoanza kufa mwaka ujao. Vifaa hivi vikitumiwa kwa kiasi havikuzibii sauti hizo. Vinapunguza mvumo uliokuwa ukizifunika. Muziki wa sauti kubwa ndio huzizima.

Basi Jumamosi ijayo, kabla hujatoa hata shilingi moja, chukua karatasi uizungushe kwenye mipira ya milango, soma tarakimu nne za matairi yako, na ugonge mabati kwa kidole. Huenda ukagundua kwamba gari lako linahitaji mpira mmoja na upepo wa kutosha tu. Na kama litahitaji zaidi, utajua pa kuanzia, na mzee wa Nakuru atashangaa mwaka huu mmefika bila mtu kuuliza dawa ya kichwa.